Nimenunua IST yadi hapa Mwanza, bei imeshuka toka mil 12.5 mpaka 10.9. Uzi kwa wanaotafuta gari ya mkononi

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo ila kama unataka kununua gari iliyotumika hapa Mwanza nakuomba usome wote, maana gari yangu ya kwanza nilinunua kwa pupa mwaka 2019, nililipa bei niliyotajiwa ukiondoa laki mbili tu za kufutwa machozi, na ndani ya miezi minne ilishakula gia boksi. Iliniuma sana. Hii ya pili nilijiapiza sitakurupuka.

Nilikuwa natafuta Toyota IST, ile old model. Kwa asiyejua, old model zilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, ya 1300cc chesisi yake inaanza na NCP60, ya 1500cc ni NCP61, na kuna NCP65 hiyo ni 1500cc inavuta miguu yote minne. Kwa hiyo mtu akikuambia hii old model ni ya 2010 ujue anakutajia mwaka ulioingia nchini au mwaka uliosajiliwa, siyo mwaka wa kutengenezwa, na hapo kwenye kuchanganya miaka ndipo hela yako inapoondokea. Angalia kadi, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa. Halafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kule chini kuna kilebo kina tarehe. Mkanda hautengenezwi baada ya gari.

Nikazunguka kama wiki tatu, Nyakato, Buzuruga, Igoma, nikashuka mpaka Mkuyuni. Kwenye yadi moja nikaikuta ya silva, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), NCP60, safi kwa macho. Nilikuwa nimepiga simu kabla ya kwenda, saa nane mchana nikafika. Bosi akanipokea vizuri, soda, kiti, akaniambia mil 12 na nusu maelewano yapo. Mimi kabla sijajibu nikaweka kiganja juu ya boneti.

Ya moto.

Siyo moto wa jua wakuu, ilikuwa imepaki chini ya turubai na gari za pembeni yake boneti zilikuwa za kawaida. Nikamuuliza yule kijana wao imetoka wapi saa hizi, akasema haijatoka, huwa tunaiwasha tu. Sawa. Ila injini ikishapata moto inaficha mambo mengi, oili imeshapanda, kelele zimetulia, sailensa imekauka. Wewe mnunuzi unatakiwa uisikie ikiwa imelala usiku mzima. Sikusema kitu, nikashukuru kwa soda nikaondoka, bei sikuitaja kabisa. Bosi akanifuata mpaka nje, wewe una shilingi ngapi, nikamwambia mzee nitarudi.

Nikarudi keshokutwa yake saa moja kasoro asubuhi bila kupiga simu, nikiwa na fundi wangu. Mlinzi ndo anafungua geti. Boneti ina umande, ukipitisha kidole kinaacha mstari. Kijana akaleta ufunguo huku anampigia bosi wake. Fundi akachomoa kijiti cha oili kwanza kabla ya kuwasha, oili iko chini ya alama ya chini na nyeusi kama lami. Akaniambia simama nyuma uangalie bomba. Ikawashwa, sekunde tatu nne za kwanza mbele ya injini ikagonga tak tak tak tak halafu ikanyamaza. Moshi hakuna, siyo wa bluu siyo mweupe. Fundi akasema oili imechelewa kupanda kwenye cheni kwa sababu ni kidogo na imechoka, injini yenyewe iko vizuri ila hawa watu hawajamwaga oili muda mrefu. Mchana wa juzi yake nisingeisikia hiyo tak tak hata kwa dawa.

Tukaitoa barabarani. Tukaipandisha kilima cha Bugando maana pale gia boksi mbovu haina pa kujificha, ikapanda bila kubabaika. Tukakata kona ya mwisho kabisa kulia kwenye eneo la wazi, CV joint ya kushoto (kiungo kinachozungusha tairi la mbele) ikalia kata kata kata. Shokapu ya mbele kushoto inavuja, mafuta yameshika vumbi. Tairi zote nne namba za pembeni zinasoma 1417, maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017. Raba ina kashata (meno ya tairi) bado lakini imeshapasuka pasuka kama udongo wa kiangazi. Na mlango wa nyuma kushoto una puti, ile ya kuziba bati lililobonyea kabla ya rangi, sumaku haishiki.

Sasa sikilizeni, hapa ndo penye kiini cha uzi. Sikurudi kwa bosi kumwambia gari yako mbovu. Nilienda mjini kwenye maduka ya spea nikauliza bei ya kila kitu nikaandika kwenye karatasi: tairi nne 440,000, shokapu za mbele pea 180,000, CV joint 90,000, oili na filta 85,000. Jumla 795,000. Mlango wa puti sikuupigia hesabu, niliuandika tu chini peke yake. Nikaingia kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani kwa namba ya gari nikakuta faini mbili za elfu 30, hazijalipwa. Nazo nikaandika.

Jioni nikakaa na bosi nikamwekea karatasi mezani. Nikamwambia mzee wangu gari nimeipenda, injini na gia boksi sina neno. Mimi nina mil 10 na laki tano, hesabu yangu ndiyo hiyo hapo. Akaisoma muda mrefu. Akasema kijana gari ya mkononi haiwezi kuwa mpya. Nikamjibu ni kweli mzee, ndiyo maana sijaomba bei ya mpya, nimeomba tu uvihesabu na hivi vilivyoandikwa. Akashuka mil 12. Nikanyamaza. Akaanza kunieleza kwamba ameilipia kila kitu mpaka rodi laisensi, nikamwambia kwa heshima mzee ile ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, tunailipa sote sheli. Akacheka, akasema basi 11 na nusu.

Nikaaga. Sikununa, nilimpa mkono nikamwachia karatasi yangu pamoja na namba ya simu. Kesho yake saa mbili usiku akapiga mwenyewe, 11.2 na faini atalipa. Nikamwambia 10.9, faini ulipe, na gharama za kubadilisha jina TRA ulipe wewe. Kubadilisha jina ni elfu 50, kadi mpya elfu 10, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, kwa bei yetu ni 109,000, jumla yake 169,000. Akasema nimpe nusu saa. Baada ya dakika kumi akakubali.

Ningekubali ile 11.2 halafu nikalipa kubadilisha jina mwenyewe ningejiona nimepunguziwa kumbe nimelipa 11.37. Bei ya gari ni ile hela inayokutoka mpaka kadi inasoma jina lako, siyo ile mliyopeana mikono.

Maswali karibuni.

Mdau wa Pasiansi

Hongera mkuu, umetulia sana. Ila mimi bado naamini bora kuagiza Japani moja kwa moja kuliko hizi za namba D, unajua unachonunua, ripoti ya mnada unaiona na kilometa halisi.

Mleta uzi

Mkuu nilipiga hesabu hiyo pia. IST old model imeshapita miaka 10 kwa hiyo inapigwa asilimia 30 ya uchakavu, ongeza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa 1300cc, halafu VAT 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Ukiunganisha kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari pamoja na usafiri wake. Na thamani wanatumia ya kwao TRA, siyo ya risiti yako. Kuna kikokotoo kwenye tovuti yao, ingiza mwaka na modeli uone. Kwa mwenye mil 17 na subira ya miezi miwili mitatu agiza, sikukatazi. Mimi nilikuwa na 11.

Ila hicho kikokotoo kina faida hata kwa anayenunua yadi. Bosi akikuambia hii gari peke yake nimelipia kodi kadhaa unaweza kuangalia hapohapo kwenye simu.

Fundi wa Buzuruga

Mleta uzi umeongea ukweli mtupu kuhusu injini baridi. Niongeze moja ambalo watu wa huku kwetu wanatakiwa walijue kuliko wa mikoa mingine. Kuna gari zimefanya kazi mwaloni Kirumba, zimebeba samaki na barafu miaka miwili mitatu, halafu zinaoshwa zinapigwa rangi zinaingia sokoni kama gari ya familia. Hasa Probox, Succeed na Noah. Maji ya barafu yenye chumvi na damu ya sangara yanashuka chini ya zulia yanakaa pale.

Fungua buti, toa tairi la akiba, nyanyua zulia lote mpaka bati lionekane. Ukikuta kutu imekula kwenye maungio na vizibo vya mpira vya chini vimetolewa, ujue ilikuwa inachuruzishwa maji. Harufu wanaiua kwa pafyumu lakini pafyumu ni ya siku mbili. Ipaki juani saa saba mchana vioo vyote juu kwa nusu saa halafu fungua mlango uingize kichwa. Kama ilibeba dagaa au sangara itasema yenyewe. Bati la chini likishaoza hakuna bei nzuri hapo, hata akikupa kwa mil 5 acha.

Na gari zilizokaa pwani nazo ziangalie chini, chumvi ya bahari inakula bomba za breki. Ya huku ziwani maji hayana chumvi, gari iliyokaa Mwanza tangu ifike haipati kutu ya bahari, ila nayo iangalie chini.

Kijana wa Igoma

Mimi nilitoa laki tano ya kushikilia gari kwenye yadi moja hapa mjini, wakaniambia una wiki moja. Siku ya nne napita naona gari haipo. Wameiuza kwa mtu aliyeongeza laki mbili. Hela yangu nimerudishiwa baada ya miezi miwili tena kwa mafungu ya elfu hamsini hamsini, kila siku njoo kesho njoo kesho. Risiti walinipa ila imeandikwa tu "advansi ya gari". Nashindwa hata kumshitaki mtu.

Mleta uzi

Pole sana mdogo wangu, hilo linaumiza. Ukitoa hela ya kushikilia wakuandikie namba ya chesisi, bei mliyokubaliana, tarehe ya mwisho, na kwamba wakiuza kwa mwingine wanarudisha hela yote siku hiyohiyo. Kama hawataki kuandika hivyo, hiyo hela usiitoe. Na kabla ya hata shilingi moja uone kadi halisi, siyo picha ya WhatsApp, namba ya chesisi uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bati la gari kwa macho yako. Namba kwa namba, herufi kwa herufi.

Nafanya kazi yadi

Wakuu niko kwenye hii biashara mwaka wa sita, naomba niseme yanayotokea upande wetu maana siyo wote ni wezi.

Gari nyingi mnazoziona yadi siyo za mwenye yadi. Mwenye gari analeta anasema mimi nataka 10 yangu mkononi, juu ya hapo ni yenu. Sisi tunaandika 12 na nusu. Hiyo tofauti ndo kodi ya eneo, mlinzi, vijana wa kuosha, na dalali aliyemleta mteja, kila mmoja anataka cha juu. Kwa hiyo unapobishana na bosi ujue kuna sakafu ambayo hawezi kushuka bila kumpigia mwenye gari. Mleta uzi aliposikia "nipe nusu saa" ile ndo simu ilikuwa inapigwa.

Ukitaka kujua gari imekaa muda gani usituulize sisi, angalia chini ya matairi. Gari iliyokaa miezi mitano tairi imejikandamiza upande mmoja, betri inawashwa kwa kushtua, diski za breki zina kutu ya rangi ya chungwa. Hiyo mwenyewe anapiga simu kila wiki anataka hela yake, ada ya watoto imefika. Hapo una nguvu. Gari iliyoingia juzi hatushuki, usijichoshe.

Na ukija na dalali umeshaongeza laki tatu au zaidi kwenye bei kabla hujaongea. Njoo mwenyewe.

Dada wa Nansio

Jamani habari za humu. Mimi ni mwalimu huku Ukerewe, nimekusanya mil 9 nataka Vitz au Passo. Nilikuja Mwanza mwezi uliopita nikaingia yadi mbili. Ya kwanza nikatajiwa 9 na nusu kwa Passo, nikaondoka, shemeji yangu akaenda kesho yake akaulizia ileile akatajiwa 8.3. Nimesikia uchungu sana. Na fundi niliyekuwa naye nilimpata palepale nje ya yadi, kila ninachouliza anasema hiyo ndogo dada, hiyo ndogo. Nifanyeje?

Nafanya kazi yadi

Dada pole. Huyo fundi wa getini ni wetu, atalipwa ukinunua, usiponunua hapati kitu. Naandika hivi nikijua wenzangu hawatafurahi lakini mwalimu anakusanya hela miaka mingapi kufikisha mil 9.

Fundi wa Buzuruga

Dada sikiliza. Fundi mlipe hela ya kukagua, elfu 30, elfu 50 mtakavyoelewana, unamlipa hata usiponunua. Na mwambie mapema kazi zote za baadaye atapata yeye. Fundi wa hivyo hana sababu ya kukudanganya, akikuachia gari mbovu itamrudia mwenyewe gereji. Aje na mashine ya kuskani pia, wakati mwingine taa ya injini inafutwa asubuhi ili isionekane kwenye dashibodi, lakini mashine inaweza kuonyesha kwamba kumbukumbu zimefutwa hivi karibuni. Ukiona hivyo uliza kwa nini.

Mleta uzi

Dada yangu hilo la bei mbili linatia hasira na mimi siwezi kukuambia ni kawaida ulizoee. Ila safari ijayo usiulize "bei gani", ingia ukiwa na bei yako tayari. Kabla hujapanda meli angalia matangazo ya Passo za mwaka huohuo kama kumi hivi, Mwanza, Shinyanga, Dar, andika zote, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilizobaki ndo bei ya soko. Halafu mwombe yule shemeji akuandikie ujumbe kwamba alitajiwa 8.3 tarehe fulani saa fulani. Mwonyeshe bosi kwa upole, huna haja ya kugombana, mwambie tu tunaanzia hapa kushuka.

Na usimwambie una mil 9. Mimi kosa langu la 2019 lilikuwa hilo, nilitaja bajeti mlangoni, na kila gari niliyoonyeshwa siku ile ilikuwa na bei ya bajeti yangu. Tenga pia ya bima, ile ndogo ya kuwalinda wengine kwa gari binafsi ni 118,000, na laki tano ya matengenezo ya mwanzo. Kwa hiyo mil 9 yako kwenye gari ni 8.38 hivi, siyo 9.

Mdau wa Pasiansi

Na mkataba uandikwe kwa wakili dada, nakala ya NIDA na TIN ya yule aliyeandikwa kwenye kadi, siyo ya bosi wa yadi. Bila TIN yake kubadilisha jina utazunguka mpaka uchoke. Kama mwenye kadi alishauza kwa mtu mwingine ambaye hakubadilisha jina, hiyo minyororo imalizwe na wao kwanza ndo utoe hela.

Dada wa Nansio

Wabeja sana wote. Fundi wa Buzuruga nakufuata inbox.

Dada wa Nansio (wiki tatu baadaye)

Wapendwa nimerudi. Ile Passo ya kwanza tuliiacha, fundi alinyanyua zulia akakuta bati la chini limeunganishwa kwa kuchomelea. Tukapata nyingine Nyakato, imekaa pale tangu kabla ya mfungo, betri imekufa kabisa. Asubuhi saa moja walishtua betri ndo ikawaka, ikawaka vizuri haina kelele. Walianza 8.9. Nilienda na karatasi yangu ya bei kumi na orodha ya fundi, betri mpya, pedi za breki, tairi mbili. Bosi akaniuliza umetumwa na nani, nikamwambia nimejituma mwenyewe. Tulikaa siku mbili hatusemeshani, ya tatu akapiga. 7.85 na jina wamebadilisha wao, betri mpya wameweka wao.

Kadi imetoka jana ina jina langu. Sasa hivi nimeizungusha kwa njia ya Bunda, niko hapa Kisorya nasubiri kivuko cha kwenda Rugezi, iko mbele yangu ya tatu kwenye foleni na wanafunzi wangu wawili waliotoka likizo wamekaa nyuma na mabegi yao.

Fundi wa Buzuruga

Ukifika iache ipoe halafu kesho asubuhi kabla ya kuwasha angalia oili na maji ya rejeta, unipigie uniambie zimesimama wapi.